Matone Matatu kwenye Breki

Kila kinacholia, kwa imani ya Mzee Tone, kinaomba mafuta. Bawaba ya mlango ikilia, mafuta. Baiskeli ya jirani ikipita inalia, ataisimamisha, ataitia mafuta, ndipo amuulize jirani anakwenda wapi. Miaka arobaini na moja alikuwa fundi cherehani, na si wa kushona tu, bali wa kuzifungua cherehani za watu na kuzirudishia uhai, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na kelele isiyotulizwa na tone moja lililodondoshwa mahali pake. Mtaa mzima ulimwita Mzee Tone, naye jina hilo alilivaa kama koti lililomkaa sawasawa mabegani.

Nyumbani kwake mtu mmoja tu ndiye aliyeikataa imani hiyo, na huyo alikuwa binti yake mwenyewe, fundi wa injini.

"Baba," alikuwa akimwambia, "kuna vitu vinalia kwa sababu vimekauka, na kuna vitu vinalia kwa sababu ndiyo kazi yao. Mtoto mchanga naye utamtia mafuta?"

"Wewe nilikupaka mwili mzima," alijibu Mzee Tone. "Na ulinyamaza."

Binti huyo alifanya kazi kwenye uwanja wa vigari vya mbio, vile vya chini chini visivyo na paa wala milango, kiti kimoja, injini pembeni, dereva amekaa karibu na lami kiasi kwamba akidondosha biskuti anaiokota bila kuinama. Kazi yake ilikuwa kuvikagua. Hakuna kigari kilichoingia njiani kabla mkono wake haujakipitia na sahihi yake haijakaa kwenye karatasi. Akishamaliza kukagua, alifunga utepe mweupe kwenye usukani, na kuanzia hapo sheria ilikuwa moja: kilichofungwa utepe hakiguswi. Asiguse dereva, asiguse mzazi, asiguse hata malaika akishuka na spana.

Jumamosi hiyo haikuwa ya kawaida. Mjukuu wa pekee wa Mzee Tone, msichana wa miaka kumi, alikuwa anashindana kwa mara ya kwanza. Walimwita Siafu tangu alipoota meno, kwa sababu aking'ata haachii. Miezi minane alikuwa akifanya mazoezi kila Jumamosi, na katikati ya wiki alikaa chini sebuleni na sahani mkononi kama usukani, akikata kona kuzunguka meza mpaka uji ukapoa.

Babu mtu alimshonea nguo ya mbio yeye mwenyewe. Kitambaa kizito, mikono mirefu, vifundo vimebana, hakuna kamba inayoning'inia, hakuna mkanda wa urembo. Awali aliweka mkanda mwekundu kiunoni, mzuri ajabu, binti yake akaukata kwa mkasi bila kusema neno, akamwonyesha tu ekseli ya nyuma inavyozunguka na kinachotokea kwa kitambaa kikiisogelea. Mzee Tone alielewa. Kuhusu nguo alikuwa mwepesi wa kuelewa. Shida yake ilikuwa mafuta.

Miezi mitatu nyuma alikuwa ameitia mafuta pedeli ya petroli bila kuulizwa, kiatu cha Siafu kikateleza, na mzee akapigwa marufuku kuingia karakana ya uwanja kwa wiki tatu. Siku hizo alikuwa akisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa, mikono nyuma, akitazama wenzake wakifungua nati. Binti yake alimhurumia. Mwishowe akamkabidhi kazi moja.

"Mnyororo, Baba. Huo ni wako. Uko kulia kwa kigari. Injini imezimwa, imepoa, unatia mafuta kidogo, unafuta yanayobaki. Basi. Upande wa kushoto huna ndugu wala rafiki."

"Kushoto kuna nini?"

"Kushoto kuna kazi yangu. Na Baba, safari hii ukigusa kingine, kigari utakiona kwenye picha."

Basi asubuhi ya mashindano Mzee Tone aliamka kabla ya wote. Walipofika uwanjani alipiga magoti kulia kwa kigari namba saba, cha Siafu, akautia mnyororo mafuta pingili kwa pingili, akaufuta kwa kitambaa safi mpaka binti yake mwenyewe akasema, "Hapo umeweza." Kisha binti akaanza yake. Akatikisa magurudumu kusikia kama yanacheza. Akapitisha spana kwenye kila nati. Akafuata bomba la petroli kwa kidole kutoka tangi mpaka injini. Akapindua usukani kulia na kushoto. Mwisho akakisukuma kigari kwa nguvu na kukanyaga pedeli ya breki, na kigari kikagoma palepale kama punda. Akakipandisha kwenye stendi, akafunga utepe mweupe, akatia sahihi, akaenda kukagua vya wenzake.

Mzee Tone akabaki peke yake na fahari yake. Alitaka tu kuuona mnyororo wake ukitembea. Akalizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja, polepole. Mnyororo ukapita kimya, laini kama uzi wa hariri.

Lakini kutoka upande wa kushoto kikatoka kilio. Kwii. Kwii. Kwii.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Kulikuwa na kidude cha chuma cha mviringo kama sahani, kinazunguka, na kila mzunguko kinalia. "Masikini wee," alisema Mzee Tone, kwa sauti ile ile aliyomtulizia Siafu enzi za meno. Kichupa kilikuwa bado mkononi. Akadondosha tone moja. Akazungusha, akadondosha la pili kwa upande wa pili ili mambo yawe sawa. La tatu lilikuwa la mapenzi tu.

Kilio kikakoma. Mzee akafuta vidole, akaenda zake kwenye mabenchi ya watazamaji akiwa na raha ya mtu aliyefanya wema bila kuonekana.

Msimamizi wa uwanja alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kama pipa. Aliitwa Kipaza, maana hakuhitaji kipaza sauti. Siri uliyomwambia asubuhi, mchana ilijulikana mpaka barabarani, na hakuwa mmbea; ni sauti tu. Aliwapanga watoto tisa mbele ya mabenchi, kofia ngumu kwapani, akaanza kuwauliza.

"Nywele?"

"Ndani ya kofia!"

"Kamba za viatu?"

"Ndani!"

"Mwenzako wa mbele akizunguka?"

"Unakanyaga breki, unamtazama, unapita mbali!"

"Na nyie wazazi, mtoto akikwama njiani mnafanya nini?" Kabla hawajajibu akajijibu mwenyewe. "Hamfanyi kitu! Anayeruka uzio kumwokoa mtoto, anawapa wengine wanane mtu wa kumgonga. Mnaniita mimi. Haya, swali la mwisho. Breki ikipiga kelele, unaitia nini?"

"Mafuta!" akajibu mmoja wa mapacha wawili waliovaa nguo za njano.

Uwanja ukaangua kicheko. Baba Pacha, aliyekaa bega kwa bega na Mzee Tone, akajifunika uso. "Huyo ametoka kwa mama yake," alisema.

"Mwanangu," akanguruma Kipaza, "ukitia mafuta kwenye breki, tutakuona ukipita hapa, majirani watakuona ukipita kwao, na wa mbali watakuona kesho. Breki ni kushikana. Pedi inaibana diski kama mkono unavyobana kamba. Ukiipaka kamba mafuta, nani atamshika nani? Na vigari hivi breki ni moja tu, iko nyuma kushoto, ile sahani ya chuma. Ikikataa hakuna ya akiba. Tone moja linatosha kukupeleka kwenye ukuta wa matairi."

Mzee Tone alikuwa akicheka kuliko wote. Kicheko kikamkatikia kooni kama uzi kwenye cherehani mbovu.

Ile sahani ya chuma. Nyuma kushoto.

Watoto walikuwa tayari wanakimbilia vigari vyao. Utepe mweupe ulifunguliwa kwenye usukani mmoja baada ya mwingine. Mzee alikaa ametumbua macho, na kichwani mwake pakafunguka baraza. Matone yenyewe madogo, alisema mmoja. Jua litakuwa limeyakausha, alisema mwingine. Mtoto mwenyewe mwepesi, ataendaje kasi? Mzunguko wa kwanza tu mafuta yatarushwa yote. Walikuwa wanasheria wazuri, wale, na wote walikuwa na sauti yake.

Kisha akaiona ile karatasi ya ukaguzi kwenye ubao wa Kipaza, na chini yake sahihi ya binti yake. Siafu akigonga ukuta, hakuna atakayemtafuta fundi cherehani. Watamtafuta fundi wa injini. Na akisema sasa hivi? Karakana basi. Mtaa mzima utapata la kusimulia. Na Siafu, miezi minane, atashushwa kwenye kigari mbele ya wenzake kwa ajili ya babu asiyesikia.

Injini zikaanza kunguruma. Kule kwenye mstari, dereva wa namba saba aliinua mkono wenye glavu na kumpungia, kisha akashusha kioo cha kofia yake.

"Heri nusu shari," alisema Mzee Tone, akasimama.

"Unakwenda wapi? Wanaanza!" alisema Baba Pacha.

Uzio ulikuwa hatua tatu mbele yake, na mguu wake mmoja ulikwisha kukanyaga waya wa chini kabla hajayakumbuka maneno ya Kipaza. Akaushusha. Akakata kushoto kuelekea kwenye jukwaa la msimamizi, na zile ngazi nane, zilizoonekana chache kwa mbali, magoti yake yalizihesabu kama ishirini.

"Inua bendera nyekundu," alisema, akihema.

Kipaza alikuwa ameshika ile ya kijani. "Mzee, huku hawapandi watazamaji."

"Inua nyekundu. Namba saba haina breki."

"Nani kasema? Fundi ameikagua."

"Ameikagua vizuri. Mimi nimeigusa baada yake. Nimetia mafuta kwenye diski."

Kipaza akavuta pumzi, na hapo Mzee Tone akajua kwamba aibu yake inaanza safari ndefu.

"UMETIA MAFUTA KWENYE BREKI?"

Vichwa vyote vikageuka. Hata mpishi wa chipsi nje ya geti alisimama na kijiko hewani. Lakini bendera nyekundu ilikuwa juu, na injini tisa zikazimwa moja baada ya nyingine, na hakuna gurudumu lililokuwa limesogea.

Binti yake alifika kwenye namba saba wakati mmoja na baba yake. Hakumtazama. "Shuka, mama," alimwambia Siafu. Akakishika kigari kwa nyuma, akakisukuma, akakanyaga pedeli kwa ncha ya kiatu. Kigari kikapita kana kwamba hakikuambiwa kitu. Akakanyaga tena, kwa uzito wake wote. Kikaenda, kikaenda, mpaka akakikamata kwa mikono.

Watu waliokuwa wanacheka wakaacha.

"Matone mangapi?" aliuliza, bado amekipa mgongo.

"Matatu."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inalia."

Akafumba macho kidogo. Siafu alikuwa amevua kofia, nywele zimemganda kwenye paji, midomo inacheza. "Miezi minane, Babu!"

"Ndiyo, mama."

"Miezi minane!"

"Ndiyo."

Kipaza alishuka na ubao wake. Mbio zilikuwa mbili. Ya kwanza isingeweza kungoja. Aliuliza, kwa kile alichodhani ni kunong'ona, "Niandikeje? Hitilafu ya ukaguzi?"

"Hapana," alisema Mzee Tone kabla binti yake hajafungua kinywa. "Andika kilikaguliwa kikawa kizima. Andika kiliguswa baadaye. Na andika kiliguswa na nani, kabla wino haujakauka."

Hapo ndipo binti yake alipomtazama. Hakutabasamu, lakini alimtazama.

Vigari vinane vikaondoka bila Siafu. Karakana ilibaki na watu watatu. Siafu alijikunja juu ya tairi kuukuu, kidevu magotini. Mzee alisimama mlangoni, pale pake pa zamani, mikono nyuma.

"Usisimame huko," alisema binti yake. "Njoo ushike hiki."

Alimpa kopo la dawa ya kusafishia breki. Yeye alipulizia diski, akaifuta, akaomba kopo tena, akafuta kwa kitambaa kingine, na kingine, mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Kisha akafungua zile pedi mbili ndogo zinazoibana diski na kuziweka kiganjani mwa baba yake.

"Hizi basi."

"Tukizifua?"

"Zimekunywa, Baba. Hata ukizifua, zikipata joto zitayatapika palepale kwenye kona." Akatoa mpya kwenye kisanduku. "Na hizi mpya hazitumiki hivi hivi. Lazima zizoeane na diski kwanza. Mizunguko ya polepole, unakanyaga kidogo kidogo. Ndiyo maana mbio ya kwanza imetupita hata kama ningekuwa na mikono sita."

Mzee alizigeuza zile pedi. Zilikuwa ndogo kuliko biskuti. "Sasa ilikuwa inalia nini?"

"Vumbi tu. Imeguswaguswa na vumbi, ikaimba. Ilikuwa nzima."

"Miaka arobaini na moja," alisema Mzee Tone taratibu, "kila nilichokitengeneza kinafanya kazi kwa kuteleza. Sikujua kwamba kuna kitu kinafanya kazi kwa kutoteleza."

Binti yake alikaza nati, akaitikisa, akaikaza tena. "Na mimi nilikwambia usiguse, sikukwambia kwa nini. Nilikuwa na haraka. Wateja nawaeleza nusu saa, wewe nikakupa amri."

"Nisingesikia."

"Huenda. Lakini ningekuwa nimesema."

Kutoka kwenye tairi kuukuu ikaja sauti ndogo, bado ina kamasi. "Kwa hiyo mbio ya pili nipo au sipo?"

"Upo," alisema mama yake. "Unaanzia nyuma kabisa. Lakini kwanza unazizoesha breki. Ukienda kasi kabla sijakwambia, unaungana na babu yako mlangoni."

Mbio ya kwanza ilipokwisha na njia ikawa wazi, Siafu alizunguka polepole kama mtu anayembeba mgonjwa, anakanyaga, anaachia, anakanyaga, anaachia. Mama yake alikisukuma kigari mara tatu na mara tatu kikagoma. Akafunga utepe mweupe. Mzee Tone alijishikilia mikono mwenyewe, mmoja unaulinda mwingine.

Aliporudi kwenye benchi alitegemea kejeli. Baba Pacha alimsogelea sikioni. "Mzee, mwaka jana nilisahau spana kwenye kigari cha mwanangu. Nikaikumbuka wakiwa wameshaondoka. Nikanyamaza. Ilidondoka kona ya pili, mpaka leo wanamtafuta mwenyewe."

"Hukusema?"

"Sikuwa na magoti ya zile ngazi," alisema Baba Pacha, na hakuwa anacheka.

Mbio ya pili ikaanza. Siafu wa tisa. Mzunguko wa pili akawa wa nane, wa tatu akawa wa saba. Mzunguko wa nne, pacha aliyetaka mafuta aliingia kona vibaya, kigari chake kikazunguka kikakaa kuikata njia, na Siafu alikuwa nyuma yake urefu wa vigari viwili.

Matairi ya nyuma yalichora mistari miwili myeusi kwenye lami. Pua ya namba saba ilishuka, ikatulia, ikasimama kutoka kwa pacha umbali wa mkono wa mtoto. Kichwa chenye kofia kikamtazama mwenzake, kama walivyofundishwa. Pacha akainua dole gumba. Siafu akapita mbali, akaenda zake.

Mzee akakaa. Aligundua kwamba alikuwa amesimama, na kwamba amemshika Baba Pacha kwa kola ya shati. Wakaachiana kwa adabu.

Siafu alimaliza wa sita. Alikuja akikokota miguu, amenuna, uso umechorwa na vumbi kila mahali isipokuwa pale kofia ilipofunika.

"Ningeanza mbele ningekuwa wa tatu," alimwambia babu yake.

"Ungeanza na matone yake," alisema mama yake, "ungekuwa wa kwanza hospitali. Unajua hilo, si ndiyo?"

Siafu akafikiri. Alimfikiria yule pacha, ile kona, ule umbali wa mkono. "Najua," alisema, akamwegemea babu yake ubavuni kwa kichwa chote chenye jasho, bila kumtazama, kama mtu anayeegemea ukuta. Mzee Tone alisimama wima ili ukuta usimwangushe.

"Baba," alisema binti yake, akikunja vitambaa, "Jumamosi ijayo nakupa kazi nyingine."

"Na mnyororo?"

"Mnyororo ubaki wako. Lakini nikishafunga utepe, nataka mtu wa kukaa na vigari vyote tisa mpaka viondoke. Kila anayevisogelea, umuulize amegusa nini. Dereva, mzazi, Kipaza, mimi. Kila mtu."

Mzee alimtazama kama anatafuta mahali utani ulipofichwa. "Mimi? Baada ya leo?"

"Anayejua namna mkono mwema unavyoharibu kazi ni nani kama si wewe? Halafu ulizipanda zile ngazi. Wangapi wangezipanda?"

Mzee Tone alikohoa ili apate muda. Kisha akajinyoosha, akalivuta shati lake likakaa sawa, akamgeukia mjukuu wake kwa uso wa kazi.

"Wewe dereva. Simama hapo. Umegusa nini leo?"

"Usukani," alisema Siafu.

"Na nini kingine?"

"Pua."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Kabla ya ukaguzi au baada?"

Siafu akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu kwa tumbo zima, na mama yake akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Lakini mzee hakucheka. Alingoja jibu.

"Baada," alisema Siafu.

"Fundi," aliita Mzee Tone, "njoo. Hii pua ikaguliwe upya."